Timu ni ya Nani? Somo la Shinyanga na Geita

Kati ya mwaka 2014 na mwaka 2024, ukanda wa almasi na dhahabu unaoanzia Shinyanga hadi Geita ulitoa timu 3 zilizopanda Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Stand United ya mjini Shinyanga ilipanda mwaka 2014. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi ulioko Wilaya ya Kishapu, ikaifuata mwaka 2015. Geita Gold ikapanda mwaka 2021. Timu zote 3 zilishuka: Stand United mwaka 2019, Mwadui mwaka 2021, na Geita Gold mwaka 2024.

Kupanda na kushuka ni desturi ya kandanda, na hatuna haja ya kuomboleza kila timu inapofungwa. Lakini eneo moja lenye utajiri mkubwa ardhini linapopoteza timu zake kwa zamu, na kila timu ikiwa na mwenyewe wa aina yake, hapo pana jambo la kuchunguzwa. Stand United ilikuwa ya wanachama. Mwadui ilikuwa ya mgodi. Geita Gold ilikuwa ya halmashauri. Njia tatu tofauti za kumiliki timu zilijaribiwa katika nchi ya Wasukuma, na zote tatu hazikuweza kuhimili.

Msomaji wetu wa visiwani anaweza kuuliza mambo hayo yanamhusu nini, ilhali michezo si jambo la Muungano na sisi tuna shirikisho letu na ligi yetu. Jibu letu ni kwamba ugonjwa huo hauna mpaka wa bahari. Nasi Unguja na Pemba tunazo klabu za mitaa zinazoishi kwa michango ya wapenzi, tunazo klabu zinazobebwa na taasisi, na wapo wafadhili wanaokuja na mfuko mkononi. Anayeona mwenzake ananyolewa hana budi kutia maji kichwa chake.

Kwa maoni yetu, shida ya fedha inayozitesa klabu ndogo ni mtoto wa shida nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kutojulikana timu ni ya nani. Fedha inapokosekana watu huvumiliana. Fedha inapoingia, ndipo kila mmoja anapouliza nani mwenye haki ya kutia sahihi, nani mwenye ufunguo wa kasha, na nani atakayehesabu. Kama majibu ya maswali hayo hayakuandikwa mapema, basi mfadhili aliyekuja kuokoa huwa ndiye chanzo cha kuvunjika kwa nyumba.

Tuanze na Stand United, kwani kisa chake ndicho kilicho wazi kuliko vyote. Kama jina lake linavyoonyesha, klabu hiyo ilizaliwa katika stendi ya mabasi ya Shinyanga, miongoni mwa madereva, mawakala na wapiga debe. Wapenzi wake waliiita Chama la Wana, na majirani wakaiita timu ya wapiga debe, jina ambalo wenyewe hawakulionea haya. Ilikuwa timu ya watu wanaokula kwa jasho lao la siku ile ile. Ilipopanda Ligi Kuu na kuwakaribisha wakubwa wa Dar es Salaam katika Uwanja wa Kambarage, mji mzima ulijiona umepanda nayo.

Mwaka 2015 neema ikabisha hodi. Kampuni ya Acacia, ambayo hadi mwaka 2014 ilijulikana kwa jina la African Barrick Gold, na ambayo ilikuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi katika Kahama na ule wa North Mara katika Tarime, ilikubali kuidhamini timu hiyo. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, na thamani yake ilitangazwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 2. Kwa klabu iliyozoea kuchangishana nauli, hiyo ilikuwa ni mvua ya masika juu ya shamba lililokauka. Aliletwa mwalimu kutoka Ufaransa, Patrick Liewig, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuifundisha Simba. Wachezaji wakasajiliwa, na timu ikaacha kuhesabiwa miongoni mwa wasindikizaji.

Haukupita muda, mgogoro ukazuka. Upande mmoja ulisimama na klabu ya wanachama, na upande wa pili ukasimama na kampuni iliyoundwa kwa jina la timu hiyo hiyo. Kila upande ulidai kuwa ndio wenye timu. Mfadhili akajikuta amesimama kati ya pande mbili zinazovutana, na mwaka 2016, kabla ya muda wa mkataba kumalizika, Acacia ikajitoa. Wahenga walikwisha kusema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama.

Hapa hatupendi kumnyooshea kidole mtu yeyote. Tunachotaka wasomaji wetu wakione ni jinsi taratibu zenyewe zilivyoacha mlango wazi. Klabu ya michezo Tanzania Bara husajiliwa na Msajili wa Vyama vya Michezo chini ya sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967. Kampuni husajiliwa na wakala mwingine kabisa, chini ya Sheria ya Makampuni. Chama cha michezo kina wanachama na katiba. Kila mwanachama ana kura moja. Kampuni ina wanahisa na wakurugenzi; mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti. Watu wakiunda kampuni ili iendeshe shughuli za klabu, bila kuandika wazi kampuni hiyo ni mtumishi wa klabu au ni bwana wake, watakuwa wamejenga nyumba moja yenye hati mbili. Siku ya neema hakuna atakayeziangalia hati hizo. Siku ya mkataba wa mabilioni kila mtu ataitoa yake mfukoni.

Tena yafaa tujiulize: je, kama mgogoro usingetokea, Stand United ingesalimika? Twaona shaka. Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirishwa nje kwa mchanga wa madini, ule uliokuja kuitwa makinikia, na Acacia ikaingia katika mvutano mkubwa na Serikali juu ya kodi. Mwaka 2019 Barrick ikazinunua hisa zote ambazo hazikuwa mikononi mwake, na jina la Acacia likatoweka. Kisha ikaundwa kampuni ya Twiga, ambamo Serikali ina hisa 16 katika kila 100. Mgodi wa Buzwagi nao ulifikia mwisho wa uchimbaji mwaka 2021. Yaani katika muda wa miaka 6 tangu mkataba ule utiwe sahihi, mfadhili alibadilika jina na mwenyewe, na mmoja wa migodi yake ukafungwa. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililohusiana na mpira. Timu inayotundika maisha yake yote juu ya tawi moja haina budi kuuliza tawi hilo lina umri gani.

Baada ya mfadhili kuondoka, Stand United iliendelea kupigana kwa miaka mitatu. Msimu wa 2018/19 ulikuwa mgumu kwa klabu zote ndogo, kwani Ligi Kuu yenyewe haikuwa na mdhamini mkuu, na timu zilikuwa 20, yaani kila moja ilipaswa kucheza mechi 38 kutoka Bukoba hadi Mtwara. Hata hivyo vijana wa Shinyanga hawakukosa moyo. Mwezi Septemba 2018 walikwenda Dar es Salaam wakafungwa na Yanga mabao 4 kwa 3, na mabao yote 3 ya Stand yalifungwa na kijana mmoja kutoka Burundi, Alex Kitenge. Timu yenye uwezo wa kumtia hofu mkubwa nyumbani kwake haikuwa timu ya kushuka kwa kukosa vipaji. Mwisho wa msimu ilikuwa ya 19, ikashuka pamoja na African Lyon.

Kisa cha Mwadui ni cha namna nyingine. Hapo hapakuwa na ugomvi juu ya nani mwenye timu, kwa sababu kila mtu alijua kwamba mwenyewe ni mgodi. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, na tangu hapo mji wote ulijengwa kuuzunguka mgodi: nyumba, hospitali, skuli na uwanja wa mpira. Timu ya namna hiyo ina faida zake. Mchezaji ana mahali pa kulala, uwanja upo mlangoni, na hakuna anayezunguka na kofia kuomba nauli.

Lakini mtoto wa mgodi huugua mgodi unapougua. Mwaka 2020, ulimwengu ulipokumbwa na ugonjwa wa korona na bei ya almasi ikaanguka, uzalishaji wa Mwadui ulisimamishwa, na haukuanza tena hadi mwaka 2021. Msimu uliochezwa katika kipindi hicho hicho, ule wa 2020/21, ndio Mwadui ilioshuka daraja. Hatusemi kwamba kusimama kwa mgodi ndiyo sababu pekee. Tunasema tu kwamba kampuni inayoandaa hesabu za kubana matumizi haiwezi kuitanguliza timu ya mpira mbele ya mishahara ya wachimbaji, wala haipaswi kufanya hivyo. Timu isiyo na mlango wa pili wa mapato hufungiwa ndani siku mlango wa kwanza unapofungwa.

Tukio hilo si jipya. Wazee wetu wanaukumbuka wakati ambapo timu nyingi za Bara zilikuwa mali ya mashirika ya umma. Pamba ya Mwanza iliishi kwa zao la pamba, na Reli ya Morogoro iliishi kwa reli. Mashirika yalipodhoofika katika miaka ya 1990, timu nazo zikadhoofika. Pamba ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024, safari hii ikiwa mikononi mwa Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Tunaitakia heri; lakini kubadilisha mlezi si sawa na kujifunza kutembea.

Sasa tuitazame Geita Gold. Hapa mwenye timu alikuwa Halmashauri ya Mji wa Geita, na mdhamini mkuu alikuwa Geita Gold Mining, kampuni iliyo chini ya AngloGold Ashanti na iliyofungua mgodi wake mkubwa mwaka 2000. Twapaswa kutaja kwa ukweli kwamba safari ya Geita haikuanza vizuri. Mwaka 2016, katika mechi za mwisho za Daraja la Kwanza, timu ya Geita iliifunga JKT Kanembwa mabao 8 kwa 0, na Polisi Tabora iliyokuwa ikigombea nafasi hiyo hiyo ikaifunga JKT Oljoro mabao 7 kwa 0. Shirikisho liliona dalili za upangaji wa matokeo, likaziadhibu timu zote 4 kwa kuzishusha daraja, na nafasi ya kupanda ikapewa Mbao ya Mwanza. Hilo lilikuwa ni fundisho chungu juu ya pupa ya kupanda kwa njia yoyote.

Kwa sifa ya watu wa Geita, walirudi chini wakajenga upya. Mwaka 2021 wakapanda kwa miguu yao. Msimu wao wa kwanza katika Ligi Kuu walimaliza wa 4, na mshambuliaji wao George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, mbele ya washambuliaji wote wa Simba na Yanga. Mwaka 2022 wakacheza Kombe la Shirikisho la Afrika, wakatolewa na Hilal Alsahil ya Sudan. Baada ya hapo Mpole akaenda kuchezea Lupopo ya Lubumbashi, na kidogo kidogo timu ikateremka, mpaka mwaka 2024 iliposhuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar.

Timu ya halmashauri ina ugumu wake ambao maofisa wanaosoma safu hii wanaufahamu kuliko sisi. Fedha za halmashauri ni fedha za umma. Zina bajeti, zina mkaguzi, na zina wananchi wanaodai zahanati, madawati na maji. Diwani anayepitisha fedha za usajili wa mchezaji atarudi katika kata yake kuulizwa kuhusu darasa lisilo na paa, na swali hilo ni la haki. Tena viongozi wa halmashauri hubadilika. Mkurugenzi anayependa mpira huhamishwa, akaja mwingine anayependa barabara. Kampuni ya madini nayo, ambayo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 inatakiwa kila mwaka kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa huduma kwa jamii, humwona mtu yule yule upande wa pili wa meza: ndiye anayejadili mpango huo, na ndiye mwenye timu inayoomba udhamini. Mtu mmoja hawezi kuwa muuzaji na mpima mizani.

Wapo watakaotupinga na kusema kwamba tunaupamba umiliki kupita kiasi, na kwamba taabu halisi ni umaskini. Watasema Shinyanga iko karibu kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Kwamba timu ya mikoani hutumia fedha nyingi barabarani kabla haijapiga mpira. Kwamba Simba na Yanga ndizo zinazojaza viwanja na kuvuna wadhamini. Hoja hizo zina uzito. Mwezi Oktoba 2021 Biashara United ya Mara, iliyokuwa imekwisha kuifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2 kwa 0 jijini Dar es Salaam, ilishindwa kufika Libya kwa mechi ya marudiano kwa matatizo ya usafiri, ikatolewa bila ya kucheza. Mwisho wa msimu huo huo ikashuka daraja. Ni nani asiyeona uchungu hapo?

Lakini tuitazame hoja hiyo kwa upande wa pili. Mwaka 2021 Azam Media ilitia sahihi mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225. Klabu ndogo zikaanza kupata fungu la uhakika ambalo Stand United ya mwaka 2015 haikuliota. Hata hivyo timu zimeendelea kushuka zikiwa na madeni ya mishahara, na kesi za wachezaji wanaodai haki zao zimeendelea kufikishwa mbele ya vyombo vya shirikisho. Fedha ziliongezeka na malalamiko hayakupungua. Basi ni wazi kwamba tatizo haliko katika kiasi cha maji peke yake. Mtungi wenyewe umepasuka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Serikali kwa upande wake haikukaa kimya. Wakati Simba ilipojadili kubadilisha mfumo wake mwaka 2017, iliwekwa kanuni kwamba katika klabu za wanachama, wanachama wabaki na hisa zisizopungua 51 katika kila 100, na wawekezaji wagawane zilizobaki, wasipungue watatu. Kanuni hiyo ina busara, kwani inazuia klabu ya umma kuwa shamba la mtu mmoja. Lakini inamlinda mwanachama anayejulikana tu. Klabu isiyo na daftari la wanachama itagawa vipi hisa 51? Na klabu ambayo tangu kuzaliwa kwake ni mali ya mtu au kampuni haiguswi na kanuni hiyo hata kidogo. Tulishuhudia Ihefu, timu ya Mbarali katika Mkoa wa Mbeya, ikichukuliwa katikati ya msimu wa 2023/24 na kuhamishiwa Singida, ambako ilibadilishwa jina ikaitwa Singida Black Stars. Kisheria mwenye mali anaweza kuhamisha mali yake. Lakini mpenzi wa Mbarali aliyeshangilia chini ya jua na mvua aliamka asubuhi akakuta hana timu, na hakuna mahali pa kwenda kushitaki.

Wala tusidhani kwamba mambo hayo ni ya nchi changa tu. Huko Scotland, ambako kandanda imechezwa kwa zaidi ya miaka 150, kipo kijiji cha mpakani kinachoitwa Gretna, chenye watu wapatao 3,000. Tajiri mmoja, Brooks Mileson, aliipenda timu ya kijiji hicho akaitilia fedha zake. Ikapanda madaraja 3 mfululizo, ikafika fainali ya Kombe la Scotland mwaka 2006, na mwaka 2007 ikaingia ligi kuu, ikilazimika kuazima uwanja wa timu nyingine kwa kuwa wake haukufikia kiwango. Mwaka 2008 Mileson akaugua na fedha zikakatika. Kabla ya mwaka huo kwisha, klabu ilikuwa imekufa, na tajiri mwenyewe alikuwa amefariki dunia. Wapenzi wakaanza upya kutoka chini wakiwa na timu nyingine na jina lile lile.

Tulinganishe na Hearts ya Edinburgh, timu ile ile iliyoifunga Gretna kwa penalti katika fainali ya mwaka 2006. Nayo ilianguka mwaka 2013 kwa madeni ya mwenye mali wake. Lakini wapenzi wake walijiunga katika chombo kimoja, wakawa wanachanga kidogo kidogo kila mwezi, na mwaka 2021 wakakabidhiwa sehemu kubwa ya hisa. Hearts ni kubwa na Gretna ilikuwa ndogo, hilo tunalikubali. Lakini tofauti iliyoamua ni kwamba wapenzi wa Hearts walikuwa na chombo kinachojulikana, chenye orodha ya majina na hesabu zinazosomwa. Walijua wao ni nani kabla hawajadai timu ni yao.

Kutokana na hayo yote, tunayo machache ya kupendekeza.

Kwanza, klabu isiende kutafuta mdhamini kabla haijaweka sawa mambo matatu: daftari la wanachama lililohakikiwa, katiba inayosema wazi nani anatia sahihi mikataba, na hesabu za mwaka zilizokaguliwa na kusomwa mbele ya mkutano. Kama kuna kampuni inayoendesha timu, basi uhusiano wake na klabu uandikwe kwa mkataba na nakala ikabidhiwe kwa msajili na kwa shirikisho. Leseni ya klabu isitolewe mahali ambapo pana hati mbili za nyumba moja.

Pili, wenye makampuni, hasa makampuni ya madini, nao wabebe wajibu wao. Anayeingiza mabilioni katika klabu ya watu wa stendi bila kuuliza habari za katiba yao hawasaidii. Anawatia katika mtihani. Mkataba wa udhamini useme fedha zitapitia akaunti gani, na useme pia mfadhili akitaka kuondoka atatoa taarifa ya muda gani, ili timu isiachwe njiani katikati ya msimu. Na sehemu ya fedha hizo iende katika vitu vinavyobaki: uwanja wa mazoezi, timu za vijana, jengo la klabu lenye vyumba vya kupangisha. Mchezaji wa kigeni huondoka na mkoba wake. Jengo halina mkoba.

Tatu, maofisa wa Serikali katika mikoa na wilaya waamue wao ni waamuzi au ni wachezaji. Halmashauri inayotaka kuwa na timu iunde chombo chenye bodi yake na hesabu zake, ambamo wananchi wanaweza kununua uanachama, na ambacho hakitatikisika mkurugenzi anapohamishwa. Na pale klabu ya wananchi inapogombana, kazi ya mkuu wa wilaya ni kuhakikisha uchaguzi wa haki unafanyika na msajili anatoa uamuzi mapema, kabla ya msimu kuanza. Mgogoro unaoachwa uive hadi mfadhili akimbie hauna tena mshindi.

Kwetu visiwani mambo haya yana sura yake. KMKM, JKU, KVZ na Zimamoto ni timu za vikosi, na kwa njia hiyo zinafanana na Mwadui: mwenyewe anajulikana na mishahara ina mahali pa kutoka. Mlandege na Malindi ni klabu za mitaa, na ziko karibu zaidi na Stand United. Mlandege ilichukua Kombe la Mapinduzi mwaka 2023, na mwaka 2024 ikalichukua tena kwa kuifunga Simba. Malindi, katika mwaka 1995, ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF. Hayo ni mafanikio makubwa kwa klabu zilizoanzia barazani, na ni mali ya watu wa mitaa hiyo kama zilivyo nyumba zao. Lakini ni wapenzi wangapi wanaoweza kuonyesha kadi ya uanachama iliyolipiwa mwaka huu? Ni klabu ngapi zilizosoma hesabu zake mbele ya wanachama? Hatuulizi maswali hayo kwa kejeli. Tunauliza kwa sababu mwekezaji wa hoteli au wa bandari anaweza kubisha hodi siku yoyote, na siku hiyo haitakuwa siku nzuri ya kuanza kutafuta daftari.

Tusisahau pia anayeumia hasa. Viongozi wanapogombea muhuri, wapo vijana zaidi ya 20 waliopanga chumba ugenini, wanaodaiwa kodi na kutakiwa kutuma chochote kwa wazazi. Miguu yao ina miaka michache ya kuwalisha. Mshahara wa miezi mitatu unaopotea katika ugomvi wa hati hauwezi kurudishwa na hotuba. Nao ndio wanaolaumiwa na watazamaji pale timu inapofungwa.

Stand United haikufa. Msimu wa 2024/25 ilipambana katika daraja la pili la nchi hadi ikafika katika mechi za mchujo za kuwania Ligi Kuu, ingawa haikupanda. Tunawapongeza watu wa Shinyanga, kwani wameonyesha kwamba timu yenye wenyewe wa kweli inaweza kuanguka na ikainuka tena. Kinachobaki ni kwamba wenyewe hao waandikwe majina yao, wapewe kadi zao, na wasomewe hesabu zao. Dhahabu ya Geita ina mwisho wake na almasi ya Mwadui ina mwisho wake. Watu wa stendi watakuwapo maadamu mabasi yanakuja.